Madhara Hayakuonekana

Ukitaka kumjua mwanamke huyu, mpe kadi ya mwaliko wa harusi. Hatatazama jina la bibi harusi wala tarehe. Atachomoa kalamu nyekundu kwenye mkoba, atasogeza miwani puani, na kabla hujamaliza kumweleza ukumbi ulipo atakuwa ameshakata alama mbili za mshangao kati ya tatu na kukurudishia kadi yako. Ofisini walimwita Bi Nukta. Wafanyakazi wapya walidhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake, wakamwandikia hivyo hata kwenye barua za kikazi, naye akazirudisha zimejaa wekundu lakini jina lenyewe hakuligusa. Mimi nadhani alilipenda, ila ungemuuliza angekukatalia katakata.

Alikuwa msahihishaji katika idara ya mazingira. Kila karatasi iliyotoka pale kwenda kwa wananchi, iwe tangazo la taka au ripoti nene ya kuzuia mlango usifungwe na upepo, ilipita kwanza kwenye chumba chake mwisho wa korido, kati ya stoo na choo cha wanaume. Kilikuwa chumba chembamba chenye meza moja, feni iliyozunguka huku ikilalamika, na dirisha lililotazama ukuta wa jengo la pili. Humo ndani alitawala. Wakubwa waliotetemesha watu vikaoni walisimama mlangoni kwake na kurasa zao kama watoto waliovunja sahani, wakisubiri kuambiwa wamekosea wapi.

Amri yake kubwa ilikuwa moja, na makarani wote waliijua kwa moyo kwa sababu aliwaimbia asubuhi na jioni. "Ripoti ni mtu mmoja anayesema," aliwaambia. "Akianza na wakati uliopita, amalize na wakati uliopita. Msinichanganyie nyakati kama nguo za kufua."

Nje ya kazi hakuwa na watu wengi. Mume alishatangulia mbele ya haki, watoto hawakujaliwa. Aliyebaki ni dada yake mkubwa, ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Dada alibaki shambani ili mdogo wake asome, na jambo hilo hakuwahi kulitaja hata siku moja, wala hakuhitaji kulitaja. Kila mtu kule kijijini aliambiwa, apende asipende, kwamba mdogo wake ndiye mwenye maneno ya serikali. "Serikali haisemi mpaka mdogo wangu aseme," Dada alijigamba kisimani, na Bi Nukta akisikia aliona haya na kufurahi kwa pamoja.

Mama yao hakuacha nyumba ya maana. Aliacha mahindi. Yalikuwa mahindi meupe ya punje ndogo ngumu, gunzi jembamba, yasiyo na sura ya kuuza lakini yanayovumilia jua kali na unga wake ukinukia mpaka kwa jirani. Kila mavuno Dada aliketi uani, akapitisha mahindi mkononi moja moja, akachagua yaliyojaa vizuri, akayafunga mawili mawili kwa maganda yake na kuyatundika juu ya moshi wa jiko ili wadudu wasiyaguse. Hayo ndiyo yaliyopandwa msimu uliofuata. Mama alifanya hivyo, na mama yake mama alifanya hivyo. Kwenye duka la mbegu Dada hakuwa na sababu ya kuingia, hata mwenye duka hakumjua sura.

Halafu shamba la upande wa pili wa njia likauzwa.

"Mdogo wangu," Dada alimwambia kwenye simu, "huku wamekuja majirani wasioamkia watu."

"Majirani gani hao?"

"Sijui. Wamezungusha waya juu mpaka chini. Wamelima kipande kidogo kule mwisho kabisa, karibu na korongo, na kwingine kote wameacha wazi. Wanavaa glavu kushika jani la hindi. Hindi! Na wakimaliza kuvuna wanachimba shimo, wanamwaga mabaki, wanachoma. Sasa wewe msomi niambie. Kama ni chakula, mbona wanakichoma?"

Bi Nukta alijua jibu, kwa sababu jibu lilikuwa limelala juu ya meza yake. Ulikuwa uwanja wa majaribio wa mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Kanuni zilizokuwepo ziliwalazimisha wenye uwanja kukaa mbali na mashamba ya watu, kumjulisha jirani kabla ya kupanda karibu naye, na kujibu kwenye dawati maalumu kila anayelalamika. Ndiyo maana walijibana kule korongoni. Sasa serikali ilitaka kuzilegeza kanuni hizo, na kabla ya kulegeza ilibidi ifanyike tathmini ya mazingira, kueleza nini kitatokea wakiachiwa wapande mpaka kwenye njia. Tathmini hiyo ndiyo aliyopewa aisahihishe.

Hakuruhusiwa kusema. "Kuna taratibu, Dada," alijibu. "Watu wanaliangalia suala hilo."

"Wewe umo kati ya wanaoliangalia?"

"Nimo."

"Basi roho yangu imetulia," Dada alisema, na ukweli ni kwamba ilitulia.

Bi Nukta hakuwa mtu wa kuchezea kazi, lakini ripoti ile aliisoma kuliko alivyowahi kusoma kitu chochote. Alijiambia kwamba sayansi haimhusu na siasa haimhusu, ila Kiswahili chake ataking'arisha mpaka asipatikane mwanasheria wa kukipinda. Hiyo ndiyo zawadi aliyoweza kumpa dada yake bila kuvunja kiapo cha kazi. Alikaa na kurasa zile mpaka shingo ikakakamaa. Akatoa maneno yaliyojirudia, akanyoosha sentensi zilizojikunja, akafuta "kwa namna moja au nyingine" kila alipoikuta kwa sababu aliichukia kama inzi kwenye chai.

Aliyeiandika alikuwa mtaalamu wa mimea wa idara, mzee mpole mwenye udongo kwenye kucha, waliyemwita Daktari wa Majani. Aliandika vizuri kuliko wenzake, na Bi Nukta alimheshimu kwa hilo. Sehemu inayohusu mashamba ya jirani ilikwenda yote kwa wakati uliopita. Sampuli zilichukuliwa, chavua ilipimwa, wakulima walihojiwa. Kisha, mwishoni mwa aya, kama karani aliyesinzia: "Madhara kwa mimea ya mashamba jirani hayajaonekana."

Alitabasamu. Hata Daktari ameteleza, akawaza. Akakata "ja", akaandika juu yake "ku", akaisoma aya upya kwa sauti ya chini. Hayakuonekana. Sasa ilitiririka. Akafungua ukurasa uliofuata, na kwa kweli hakuliwaza tena jambo hilo.

Mkutano wa kuwasomea wananchi kanuni mpya ulifanyika katika ukumbi wa idara. Dada alikuja na gauni lake la kwendea mjini, akaketi viti vya mbele kama mtu wa nyumbani. Bi Nukta alisimama nyuma karibu na mlango. Watu walikuwa wachache, joto lilikuwa jingi, na mwanasheria wa wizara alisoma vifungu kwa kasi ya mtu anayewahi basi.

Dada akanyoosha mkono. "Mimi nauliza kitu kidogo tu. Hawa wakipanda mpaka njiani, mahindi yangu na yao yataoana au hayataoana?"

Ukumbi ukacheka. Mwanasheria naye akacheka kwa adabu, akafungua ripoti palipokuwa na karatasi ya alama.

"Mama, swali lako ni zuri na limeshajibiwa. Uchunguzi ulifanyika. Nasoma kama ilivyo: madhara kwa mimea ya mashamba jirani hayakuonekana. Sasa sikiliza, maana hapa ndipo palipo na sheria. Lingekuwa jambo ambalo halijaonekana, lingebaki wazi. Tungeendelea kuchunguza, masharti ya umbali yangebaki, dawati la malalamiko lingebaki. Lakini halikuonekana. Walitafuta, hawakuona, wamemaliza. Kwa hiyo masharti hayo yanaondolewa."

"Nimeelewa, mwanangu," Dada alisema, akaketi. Aligeuka kumtafuta mdogo wake kule nyuma, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ukiwa na ndugu aliyeandika, ya nini kuhangaika.

Bi Nukta hakumtazama. Alikuwa anamtazama Daktari wa Majani, aliyekaa pembeni ya meza kuu. Mzee alikuwa ameinua kichwa ghafla. Alivuta nakala, akafunua kurasa, akafika pale, akaweka kidole. Kidole hakikuondoka pale mpaka mkutano ukaisha.

Mzee alimfuata Bi Nukta chumbani kwake. Hakugonga.

"Bi Nukta, ile sentensi ya majirani. Nani aliigusa?"

"Mimi. Aya nzima ilikuwa wakati uliopita, Daktari. Nilidhani imekuponyoka."

Mzee akavuta kiti, akakaa taratibu. "Kwenye kamati niliandika 'madhara yanaweza kutokea'. Wakakataa, wakasema natisha watu. Nikaandika 'madhara hayajulikani'. Wakakataa, wakasema najifanya sijui kazi. Nikaandika 'hayajaonekana'. Wakaisoma harakaharaka, wakapita. Nikashusha pumzi. Kila nilichotaka kusema nilikuwa nimekificha kwenye hiyo 'ja', mama. Tulipima msimu mmoja, tena wa upepo mdogo. Tutasemaje hakuna?"

"Nakala ya mwisho uliletewa," Bi Nukta alisema. "Uliweka saini."

"Niliona wino wako mwekundu ukurasa wa kwanza, nikasaini. Kikishapita kwako huwa sikisomi tena."

Hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa nafuu. Feni ikaendelea na malalamiko yake juu ya vichwa vyao.

"Una mtu anayelima karibu na uwanja wowote wa namna ile?" Daktari akauliza.

Bi Nukta akafunika kalamu yake, na mzee akajijibu mwenyewe. "Mwambie achelewe kupanda. Mahindi yake yasichanue wakati mmoja na ya kwao. Na mwambie asitegemee macho. Wanapanda ya njano na wanapanda meupe. Ya njano ikiingia kwenye nyeupe yake ataiona, itakuwa na doa. Nyeupe yao ikiingia kwenye nyeupe yake, hakuna jicho litakaloiona. Itakaa humo kimya, aipande, aile, aipande tena. Itafanya nini baadaye, mimi sijui. Ningejua ningeandika."

Siku ileile alikwenda kwa mkuu wa kitengo. Mkuu alikuwa mtu wa maneno laini na meza tupu, na meza ile tupu ilitisha watu kuliko faili za wengine. Alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

"Herufi mbili," alisema.

"Ndiyo, mkuu. Kosa ni langu. Nitaandika maelezo, nitabeba lawama yote."

"Waziri ameshasaini, Bi Nukta. Unataka nimrudishie waziri kitabu kizima kwa sababu ya herufi mbili? Nimwambie nini? Kwamba mtaalamu alikusudia fumbo?"

"Nimwambie mwenyewe, ukiniruhusu."

Mkuu akatabasamu. "Hukuvunja kitu. Umesafisha. Tangu asubuhi napokea simu, wizara nyingine wanaomba nakala, hata wenzetu wa nchi za jirani wanaomba. Wanasema hawajaona ripoti inayosomeka vile. Nimewatajia jina lako. Sasa ukianza kuzunguka ukisema sentensi ile si sahihi, watu watajiuliza sahihi ni ipi, kati ya zote zilizopita mikononi mwako miaka yote hii. Nenda kapumzike kidogo."

Alitoka. Mtu ambaye aliwahi kusimamisha mitambo ya uchapaji kwa ajili ya koma, leo aliambiwa herufi mbili si kitu, na aliyemwambia alikuwa na haki ya kumcheka. Nami nikisema alirudi chumbani akalia nitakuwa natia chumvi. Alirudi akasahihisha tangazo la kufungwa kwa bomba la maji, na alilisahihisha vizuri.

Lililobaki lilikuwa kumwambia Dada. Mpaka leo hapo ndipo ninapomkasirikia, maana hapo hakuwepo waziri wala mkuu wa kitengo, ilikuwa simu na mdomo wake.

"Dada, mwaka huu chelewa kidogo kupanda."

"Nichelewe nini? Mvua imeshaanza kunong'ona."

"Chelewa tu. Usubiri wenzako wa ng'ambo wapande kwanza, upite muda."

"Hebu msikilizeni mwenye karatasi anavyonifundisha mvua!" Dada aliangua kicheko. Kisha akauliza: "Kuna nini?"

Hapo mlango ulikuwa wazi kabisa. Bi Nukta alikuwa na sentensi yenyewe mdomoni, fupi, wakati uliopo, kiima na kiarifu. Lakini akaiona sura ya Dada kule ukumbini ikigeuka kumtafuta na kutikisa kichwa, akaona na kisima na wanawake wanaoambiwa kila siku habari za mdogo mtu mwenye maneno ya serikali. Akameza.

"Hakuna kitu," alisema. "Nilikuwa nasema tu."

Dada alipanda mvua za kwanza, kama mama yao.

Bi Nukta alikwenda kumtembelea mahindi yalipokuwa yanachanua. Uzio wa waya ulikuwa palepale, lakini kule ndani hapakuwa tena na kipande kilichojibana korongoni. Mahindi yalikuwa yamejaa mpaka kwenye njia, marefu, sawasawa kama yaliyokatwa kwa mkasi, na ndani yake hukusikia ndege hata mmoja. Langoni walikuwa wametundika bango jipya. Chini ya picha ya familia inayocheka waliandika kwa herufi kubwa: MADHARA HAYAKUONEKANA. Hata nukta walikuwa wameiweka mahali pake.

"Wameandika Kiswahili kizuri, eh?" Dada alisema nyuma yake. "Nikajua tu, huu ni mkono wa mdogo wangu."

Bi Nukta akaitikia kwa kichwa. Upepo ulikuwa unatoka ng'ambo. Ulipovuma, vilele vya mahindi ya jirani viliinama vyote kwa pamoja, na vumbi jepesi la manjano likainuka, likavuka njia bila haraka, likatua kwenye shamba la mama yao. Lilitua kwenye majani, kwenye nywele mbichi za mahindi, kwenye bega la gauni la Dada. Dada alilipangusa bila kulitazama, akaanza kusimulia habari za mbuzi wa jirani aliyekula kamba ya nguo. Alisimulia vizuri, Bi Nukta akacheka mahali pa kucheka, na jioni ile alipanda basi kurudi mjini akiwa hajasema neno.

Akaja tena wakati wa kuvuna. Hakuitwa, alijileta. Wakaketi uani kwenye vigoda, rundo la mahindi katikati yao, wakamenya. Hindi la kwanza lilikuwa jeupe tupu. La pili jeupe. Bi Nukta alianza kuvuta pumzi kama watu wengine. Kisha Dada akavuta ganda, akasita, akalisogeza hindi karibu na macho.

"Hii nini?"

Kati ya punje nyeupe kulikuwa na moja ya njano, imekaa kwenye safu yake kama jino bovu. Dada akaweka hindi pembeni. Akamenya lingine, punje tatu. Yaliyotoka upande wa njia yalikuwa na madoa mengi, ya katikati machache, ya nyuma ya nyumba moja hapa moja pale. Ilisikika sauti ya maganda tu. Mikono ya Dada ilizidi kwenda haraka, kama mtu anayetafuta ufunguo aliojua ameuweka hapo hapo.

Mwishowe alijinyoosha mgongo, akapumua. "Haya. Wameoana," alisema. "Mwanasheria alinicheka bure. Lakini si neno, ya njano nitayala. Meupe matupu bado yapo, tazama, haya na haya na haya. Hayo nitayatundika. Mwakani tutakuwa tumeshawafukuza hao wageni kwenye mbegu ya mama." Akaanza kufunga mahindi mawili mawili kwa maganda, na rangi ilikuwa imemrudia usoni.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Kulikuwa na njia nyepesi: kumsaidia kufunga. Dada angetundika, angefurahi, angepanda, na chochote kilichokuwa kimelala ndani ya punje zile kingeendelea kulala bila mtu wa kukiuliza jina. Bi Nukta alishika ganda, akalishika kweli, akalikunja nusu ya fundo.

"Usiyatundike, Dada."

"Kwa nini? Haya ni meupe."

"Wao pia wana meupe. Yakiingia hayaonekani. Huwezi kujua lipi ni la mama na lipi ni lao."

Dada alimtazama. "Nani kakwambia?"

"Mtaalamu wa ofisini."

"Basi vizuri. Twende mjini. Kuna lile dawati la malalamiko, nililisikia mkutanoni. Utaniandikia wewe mwenyewe, kwa yale maneno yako, tuone watajibu nini."

"Dawati limefungwa."

"Nani kalifunga?"

"Mimi."

Dada akacheka kidogo, akidhani ni utani. Kisha akaacha. Bi Nukta akamweleza. Alimweleza "ja" na alimweleza "ku", na jinsi aya ilivyokuwa inatiririka, na fumbo la mzee, na meza tupu ya mkuu. Hakujipunguzia kosa wala hakujiliza. Ingekuwa kazini, habari kama hiyo ingejaza kurasa. Pale uani ilikwisha mapema mno, na baada yake hapakuwa na kitu cha kushika.

"Lile la kuniambia nichelewe kupanda," Dada alisema.

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ulijua lini hasa?"

"Kabla hujapanda, Dada."

Kuku mmoja alikuja, akadonoa punje iliyoanguka, njano au nyeupe hakuna aliyeangalia. Dada alifungua mafundo aliyokwisha kuyafunga, moja baada ya jingine, bila pupa, akayatupa mahindi kwenye gunia la kusaga pamoja na yale yenye madoa. Kisha akainuka, akaingia jikoni. Alitoka na mahindi ya mwaka uliopita yaliyobaki juu ya moshi, akayapukuchua kiganjani. Yalikuwa mepesi, moshi haukutosha kwa msimu wa pili, wadudu walikuwa wamemaliza viini. Akayamwagia kuku.

Akarudi kwenye kigoda chake. Alitazama upande wa njia, na aliposema sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo. Alimuuliza kama mtu anavyomuuliza mwenyeji njia.

"Hao jirani," alisema. "Mbegu zao zinauzwa duka gani?"